Mkate wa Kila Siku na Ramani ya Mji

Kila mwanafunzi wa kipaimara katika sharika zetu huulizwa: mkate wa kila siku ni nini? Anayejibu "chakula" akanyamaza huambiwa aendelee, kwa maana Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliutaja mkate huo kwa mapana. Aliweka humo nyumba na shamba, serikali njema na majirani wema. Nimeifundisha orodha hiyo miaka mingi. Nilichelewa kutambua kwamba sehemu kubwa ya mkate huo hugawiwa katika vikao: halmashauri, kamati ya shule, ofisi ya ardhi. Tunauomba Jumapili, Jumatatu wengine huketi kuugawa, na mara nyingi sisi hatumo.

Wapendwa, naomba niwasimulie habari ya mji mmoja mdogo wa Marekani. Ni habari ya ardhi, ya shule na ya kanisa, na naamini inatuhusu.

Mji huo ni Mount Laurel, jimbo la New Jersey, mwendo mfupi kutoka jiji kubwa la Philadelphia. Kwa miaka mingi ulikuwa mji wa wakulima. Mwaka 1950 ulikuwa na watu 2,817 tu. Kisha barabara kuu zikajengwa, watu wa mijini wakaanza kutafuta utulivu wa shamba, na kufikia mwaka 1970 wakazi walikuwa 11,221. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya ardhi yake ilikuwa bado mashamba na mapori. Nafasi haikuwa tatizo.

Katika mji huo waliishi pia familia za Waamerika Weusi, ambao babu zao walifika tangu zamani za utumwa. Wengi walikaa sehemu iitwayo Springville, na baadhi walilala katika mabanda ya kuku yaliyogeuzwa vyumba. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja, Ethel Lawrence, mwalimu wa watoto wadogo na mshiriki wa kanisa dogo la Jacob's Chapel, la Wamethodisti wa AME. Ukoo wake ulikuwa umekaa pale vizazi sita. Watoto wa Springville walipokua na kuoa, hawakupata pa kuishi. Nyumba mpya zilikuwa ghali, na yale mabanda halmashauri ilianza kuyafunga kwamba hayafai kukaliwa na watu, bila kuwapa wenyewe mahali pengine.

Mama Lawrence na wenzake wakaunda kikundi, wakaomba kibali cha kujenga nyumba 36 za gharama nafuu. Halmashauri ikakataa, tena kwa sheria mkononi. Sheria ndogo ya matumizi ya ardhi ya mwaka 1964 iliruhusu nyumba za familia moja tu, kila moja katika kiwanja chake. Nyumba za vyumba vya kupanga hazikuwamo katika ramani ya mji. Sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ilitengwa kwa ajili ya viwanda, ambavyo vingi havikuja kamwe.

Kwa nini mji ufanye hivyo? Hapa ndipo shule inapoingia. Katika jimbo lile gharama za shule hubebwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majengo ya mji wenyewe. Kiwanda hulipa kodi wala hakina watoto. Nyumba ya maskini hulipa kodi ndogo na hutoa watoto wengi wa kusomeshwa. Basi mji ulijipangia hesabu yake. Wakati fulani halmashauri iliporuhusu vyumba vya kupanga katika miradi mikubwa, iliweka masharti kwamba chumba kimoja cha kulala kisikaliwe na mtoto wa umri wa shule, na kwamba idadi ya wanafunzi ikizidi kiasi, mjenzi agharimie. Tafakari jambo hilo, msomaji. Wazee wa mji waliketi, wakaandika kwa wino, ili watoto wasije.

Jumapili moja ya Oktoba mwaka 1970, meya alikwenda Jacob's Chapel kuwapa watu jibu. Ndani ya nyumba ya Mungu aliwaambia kwamba wasioweza kumudu maisha ya mji ule itawabidi wauhame. Waliosikia walikuwa wamezaliwa pale, na wazazi wao walikuwa wamezikwa pale.

Mwaka 1971 Mama Lawrence na wenzake wakaenda mahakamani, wakisaidiwa na mawakili vijana wa huduma ya sheria kwa maskini. Machi 1975 Mahakama Kuu ya New Jersey iliamua kwamba mji unaokua hauwezi kutumia ramani yake kuwafungia nje watu wa kipato cha chini; kila mji ubebe sehemu yake ya haki. Mji ukatii kwa namna yake: katika eka zaidi ya 14,000 ulitenga eka 20 hivi, mahali ambapo ujenzi ulikuwa mgumu. Kesi ikarudi, na Januari 1983 mahakama ikatoa hukumu kali zaidi. Hata baada ya hapo miaka ikapita. Mama Lawrence alipokea vitisho, lakini hakuhama wala hakuondoa jina lake. Alifariki mwaka 1994, hakuna hata nyumba moja iliyosimama.

Bodi ya mipango iliidhinisha ujenzi mwaka 1997, baada ya vikao ambamo wakazi walisimama mmoja baada ya mwingine kupinga. Walisema wahalifu watakuja, thamani ya nyumba itashuka, shule zitazidiwa, kodi itapanda. Mwishoni mwa mwaka 2000 familia za kwanza ziliingia, na baadaye nyumba zikafika 140. Mtaa ule unaitwa kwa jina la Ethel Lawrence. Mwaka 2013 Douglas Massey na watafiti wenzake walichapisha kitabu juu ya matokeo yake. Walitafuta uhalifu ulioongezeka, thamani iliyoshuka na kodi iliyopanda kwa sababu ya mtaa huo, wasivione. Waliona watoto waliohamia wakisoma katika shule bora na kutumia saa nyingi zaidi kwa masomo yao.

Sipendi tuwahukumu haraka watu wa Mount Laurel. Wengi walikuwa watu wa kanisani. Walijibana kununua nyumba, na hofu yao juu ya kodi na shule za watoto wao haikuwa ya kuigiza. Ndiyo maana naogopa. Luther anapoeleza amri ya tisa, ile ya kutotamani nyumba ya jirani, haongei juu ya mwizi wa usiku. Anaonya juu ya mtu anayempokonya mwenzake kwa hila iliyovikwa sura ya haki. Mtu huyo ana karatasi. Ana muhuri. Kikao kimepitisha.

Nasi twaijua sura hiyo. Wakati wa Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa katika kanda tatu za ujenzi. Kanuni zilizungumzia aina ya majengo tu, wala hazikutaja rangi ya mtu. Lakini wananchi hawakudanganyika. Waliyaita maeneo hayo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na hadi leo miji yetu mingi ina majina hayo. Wakoloni wameondoka. Siku hizi tunasema viwanja vya msongamano mdogo na viwanja vya msongamano mkubwa, na kila mmoja anajua shule nzuri zimeelekea upande gani.

Niseme na langu. Miaka kadhaa iliyopita nilihudumu katika mji mmoja mdogo. Kando ya kanisa palikuwa na uwanja ambapo akina mama waliuza chakula na matunda. Baraza letu la wazee liliandika barua kuomba wahamishwe. Barua ilikuwa ya heshima. Ilitaja usafi, utulivu wa ibada na mchoro wa mji. Yote yalikuwa kweli. Niliisaini. Akina mama wakahamishiwa mbali, ng'ambo ya daraja, mahali pasipo na wateja. Baadhi yao walikuwa washarika wetu. Mmoja alinisalimia mlangoni Jumapili iliyofuata, "Bwana asifiwe, Baba Mchungaji," wala hakusema neno jingine. Miezi michache baadaye mwanawe aliacha kuja shule ya Jumapili, nami nilipouliza nikaambiwa mama amerudi kijijini. Sikuwa nimevunja sheria yoyote. Nilikuwa nimeivunja amri ya tisa kwa kalamu ya usharika.

Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani kuwahimiza waanzishe shule. Aliwakumbusha kwamba mji hutumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na mabwawa, basi usione uchungu kuwatumia watoto maskini. Hakuona kwamba mambo ya madiwani si mambo ya mchungaji. Nabii Yeremia naye aliwaagiza waliohamishwa Babeli wautafute usitawi wa mji waliomo, kwa kuwa usitawi wao umefungwa humo.

Kwa hiyo nawasihi washarika wenzangu. Mkiitwa katika kamati ya shule, nendeni. Mpango wa matumizi ya ardhi ukibandikwa katika ofisi ya mtaa, someni, na ulizeni kila mstari unamhamisha nani. Barua ya usharika ikiletwa isainiwe, mzee mmoja aulize kama hao tunaowaandikia habari zao wameisikia kabla yetu. Mimi sikuuliza. Sasa katika kila kikao cha baraza naomba barua zote zisomwe kwa sauti, na pale wanapohusika watu wa nje ya chumba, tunawaita waingie na kuketi kabla hatujapiga kura.