Arei za vipimo vingi na funksheni katika lugha ya C

Katika C, funksheni inayopewa arei haipati nakala yake, bali anwani ya mahali inapoanzia kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Likibadilishwa lolote humo ndani, arei ya aliyeiita funksheni imebadilika pia. Kwa arei ya kipimo kimoja anwani hiyo inatosha kupata kila kipengele. Ikiwa na vipimo viwili, funksheni sharti ijue pia upana wa jedwali.

Mfano mashuhuri umo katika kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1978: jedwali `daytab` la siku za miezi. Lina safu mlalo 2, ya mwaka wa kawaida na ya mwaka mrefu, na safu wima 13. Safu wima ya sifuri imeachwa bila kazi ili Januari iwe namba 1. C hupanga mlalo mmoja baada ya mwingine, wakati Fortran hufuata safu wima. Kufikia `daytab[1][2]`, Februari yenye siku 29, kompaila huruka vipengele 1 × 13 + 2, yaani 15. Hesabu hiyo haiendi bila 13, ila idadi ya milalo haimo kabisa. Ndiyo sababu parameta huandikwa `int daytab[][13]`, au `int (*daytab)[13]`, kielekezi cha mlalo wa namba 13. Mabano yana uzito: bila hayo, `int *daytab[13]` ingekuwa arei ya vielekezi 13.

Kosa sugu la wanaoanza ni kuandika `int **daytab`. Funksheni hiyo hutarajia kukuta anwani, ikakuta namba za siku, ikazifuata kana kwamba ni anwani, na mara nyingi programu huanguka. Kompaila ya GCC kwa miaka mingi ilitoa onyo tu. Toleo la 14, la mwaka 2024, hulikataa kabisa, na lilistahili kukataliwa mapema zaidi.

Idadi ya milalo hupitishwa kando, kwa kuwa `sizeof` ndani ya funksheni hupima kielekezi, si jedwali. C99 iliruhusu upana nao uwe parameta: `int m, int n, int a[m][n]`, vipimo vikitangulia. C11 ikaufanya uwezo huo kuwa wa hiari, C23 ikaulazimisha tena kwa parameta. C++ haikuupokea, ila tangu C++23 ina `std::mdspan`, inayobeba anwani pamoja na vipimo vyake.