Kufukuliwa kwa Mto Cheonggyecheon

Mwaka 1410 mafuriko yalilichukua daraja la udongo la Gwangtonggyo, katika mji ambao leo ni Seoul. Mfalme Taejong akaamuru lijengwe la mawe, na mawe yenyewe yakatolewa katika kaburi la mama yake wa kambo, Malkia Sindeok. Mengine, pamoja na nakshi zake, yaliwekwa kichwa chini miguu juu. Wapo wasemao kuwa kilikuwa kisasi, maana mwana wa malkia huyo ndiye aliyeteuliwa kwanza kurithi kiti. Iwe iwavyo, kwa karne tano na ushei wakazi wa mji waliyakanyaga mawe hayo wakivuka Mto Cheonggyecheon.

Dola haikuwa ngeni kwa mto huo. Mwaka 1760 Mfalme Yeongjo aliwakusanya watu wapatao 200,000 kuuzoa mchanga. Baada ya Vita vya Korea kingo zake zilijaa vibanda vya mafukara, maji yakanuka, na kuanzia mwaka 1958 ukafunikwa kwa zege. Kisha juu ya zege ikapandishwa barabara ya magari. Daraja likabaki gizani.

Julai 2003 Meya Lee Myung-bak alianza kuibomoa barabara hiyo, na tarehe 1 Oktoba 2005 maji yakaonekana tena, kilomita 5.8. Jiji liliita kazi hiyo urejeshaji. Neno zuri, lakini lipimwe. Mto huo kwa asili hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Maji yapitayo sasa, tani zipatazo 120,000 kwa siku, mengi yake husukumwa kwa pampu kutoka Mto Han. (Mto wenye ankara ya umeme!) Gwangtonggyo lilisogezwa kutoka mahali pake ili kuyapisha magari. Daraja la Supyogyo, lililoondolewa mwaka 1959 na baadaye kuwekwa katika bustani ya Jangchungdan, halikurudishwa. Miaka miwili na robo ilitosha kwa maji, si kwa kumbukumbu.

Wala si kwa watu. Wachuuzi wa vitu vikuukuu waliokuwa wakitandaza bidhaa kandokando ya barabara ile walipelekwa ndani ya uwanja wa michezo wa Dongdaemun. Muda si muda uwanja nao ukabomolewa, lijengwe jumba la usanifu lililofunguliwa mwaka 2014, na wachuuzi wakafungasha tena.