Siri Iliyofichwa na Kondo

Mwaka 1843, katika Hospitali ya Guy's jijini London, daktari wa uzazi John Lever alichunguza mkojo wa wajawazito waliopatwa na degedege. Kipimo alikirithi kwa Richard Bright wa hospitali hiyohiyo: mkojo wenye protini ukipashwa moto hufanya utando mweupe, na Bright alikuwa ameshauhusisha na maradhi ya figo. Lever aliukuta utando huo kwa wenye kifafa cha mimba. Kisha akaona jambo ambalo wagonjwa wa Bright hawakuwa nalo: mama aliyenusurika, akishajifungua, mkojo wake ulisafika katika muda wa siku chache.

Figo gani hiyo inayopona kwa kuzaa? Swali lilikuwa wazi, lakini madaktari waliendelea kuikodolea macho figo, au wakasema damu ya mama imeingiwa na sumu, bila yeyote kuionyesha sumu yenyewe. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitoa kifaa cha kupimia presha kwa mkanda wa mkononi, na presha ikajiunga na protini kuwa alama ya pili. Alama ziliongezeka, chanzo kilibaki gizani.

Ushahidi mzito ulikuwa kwenye mimba zabibu. Humo tishu ya kondo hukua ovyo, na mara nyingi hamna mtoto kabisa, lakini mama anaweza kupanda presha na kutoa protini kwenye mkojo. Mtoto basi hana hatia. Wachunguzi wa tishu, akiwemo Ivo Brosens, walionyesha baadaye kwamba katika ugonjwa huu mishipa ya mama inayolisha kondo haipanuki inavyotakiwa, na kondo hukosa damu ya kutosha. Hata hivyo, kondo lenye njaa lililoko tumboni linawezaje kuumiza figo, ini na ubongo?

Jibu lilitoka Boston mwaka 2003, na aliyelileta alikuwa daktari wa figo, Ananth Karumanchi. Yeye na wenzake, akiwemo Sharon Maynard, waliona kwamba kondo la wagonjwa hutengeneza kwa wingi protini iitwayo sFlt-1 na kuimwaga katika damu ya mama. Mishipa ya damu hutunzwa na protini za ukuaji, VEGF na PlGF. sFlt-1 huzinasa kama dema linavyonasa samaki, zisifike zinakohitajika. Utando wa ndani wa mishipa ukizikosa huharibika: presha hupanda, figo huvujisha protini.

Jaribio lao lililonivutia zaidi lilihusu panya. Walipoongezewa sFlt-1, walipanda presha na figo zao zikapata madhara yaleyale ya wajawazito. Hata panya wasio na mimba waliugua. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kesi ya miaka 160 ilipoamuliwa.

Bahati nayo ilichangia. Marekani ilikuwa imefanya utafiti mkubwa kuona kama vidonge vya kalsiamu vingezuia ugonjwa huu. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 1997, yalikuwa kwamba havikuzuia. Lakini damu ya akina mama walioshiriki ilihifadhiwa kwenye barafu. Richard Levine, Karumanchi na wenzao waliipima upya, na mwaka 2004 wakatangaza kwamba sFlt-1 huanza kupanda takriban wiki 5 kabla ya dalili, na PlGF huwa imeshuka mapema zaidi.

Hapo kikazaliwa kipimo cha uwiano wa protini hizo mbili. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa mjamzito anayeshukiwa kupata ugonjwa huu, uwiano usiozidi 38 karibu unahakikisha kuwa hataugua ndani ya wiki moja. Marekani iliidhinisha kipimo cha aina hii mwaka 2023.

Kipimo hutabiri tu, hakiponyi. Magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu, kama utafiti wa Magpie ulivyothibitisha mwaka 2002, lakini kinachoumaliza ugonjwa bado ni kutoka kwa kondo. Kwa hiyo wewe mjamzito, ukiumwa kichwa kisichotulia, ukaona maluweluwe, au ukasikia maumivu chini ya mbavu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda leo ukapimwe presha na mkojo. Hata baada ya kujifungua, dalili hizo zikitokea, rudi.