Unga na Gundi: Rangi za Bi Harusi, kutoka Uzigua hadi Chupa ya Akriliki



Mwaka jana tulivuka bahari kumpeleka bi harusi wetu Korogwe. Mwali huyu ni mchoraji. Hachori watu wala wanyama. Anachora mistari, nukta, mawimbi na rangi zinazopishana. Ndani ya begi lake, pembeni ya khanga na udi, alikuwa amefungasha vifaa vyake vyote: chupa sita za rangi ya akriliki, brashi bapa na brashi za ncha, kisu cha kuchanganyia rangi, sponji, na chupa ndogo ya kunyunyizia maji ili rangi isikauke upesi.

Usiku wa hina akaja na wazo. Kwa nini asijichore mikono kwa akriliki nyekundu na nyeupe? Inakauka kwa dakika chache, haichuruziki, na kwenye picha ingeng'ara kuliko hina. Mashoga zake wakaipenda. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, Mzigua wa Handeni, akaomba aione ile chupa. Akaigeuza mkononi, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, hii rangi inashikwa na nini?"

Hatukuwa na jibu. Nimerudi Unguja na swali lile kichwani, nikasoma, nikauliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kila rangi ni vitu viwili

Rangi ya kuchorea ina unga na gundi. Unga ndio unaoleta wekundu, weusi au weupe. Gundi ndiyo inayoushika unga usipeperuke na kuugandisha mahali ulipopakwa. Tukisema rangi ya maji, rangi ya mafuta au akriliki, hatutaji unga hata kidogo, maana unga mwekundu ule ule unaweza kuingia katika zote tatu. Tunachokitaja ni gundi.

Wino wa zamani wa kuandikia misahafu, kwa mfano, ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya mgunga. Gundi hiyo huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana wanafunzi wa vyuo waliweza kuosha ubao wao wakaandika somo jipya. Kwa hiyo bibi wa Handeni aliuliza swali la fundi. Na kwao, swali hilo lina historia ndefu.

Nyeupe, nyekundu, nyeusi

Mwaka 1956 kilichapishwa London kitabu cha Hans Cory, Mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Tanganyika miaka mingi akichunguza mila. Kitabu kilihusu vinyago vya udongo vilivyotumika kuwafundisha vijana na wari katika jando na unyago, miongoni mwa Wazigua, Wasambaa, Wapare na majirani zao. Mkusanyiko wake wa vinyago hivyo uliingia Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na fundisho lake: adabu, usafi, kazi, heshima kwa wakwe, mambo ya ndoa.

Najua wengi wetu tutasita tukisikia neno kinyago, na siandiki ili kuvirudisha. Nataka tutazame rangi zake tu. Vingi vilipakwa nukta na mistari ya rangi tatu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Hizo ndizo rangi ambazo mwanamke huzipata bila kwenda dukani. Weupe upo katika unga wa nafaka, majivu na chokaa. Wekundu upo katika udongo wenyewe. Weusi upo katika mkaa na masizi ya sufuria. Vifaa vya kupakia navyo ni vya uani: kidole, kijiti kilichotafunwa ncha, unyoya wa kuku, kipande cha kitambaa.

Rangi ile haikukusudiwa kudumu. Udongo mwingi haukuchomwa motoni, na mwali akishafundwa, kazi ya kinyago ilikuwa imekwisha. Kilichotakiwa kubaki ni lile fundisho moyoni. Nadhani bibi yule alikuwa na kipimo hicho akilini alipoishika chupa: rangi hii imekusudiwa kukaa muda gani, na juu ya nini?

Nguo iliyopanda kutoka kwetu

Sisi wa visiwani tuna sehemu yetu katika historia hii. Kuanzia miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Marekani walileta Unguja pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Watu wakaiita merikani. Kutoka Pangani, misafara iliibeba kwenda bara kwa kuufuata Mto Pangani. Mazinde, ambayo leo imo wilayani Korogwe, Semboja, mtoto wa Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao yake kando ya njia hiyo na kujitajirisha kwa biashara ya misafara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata mzigo ule, na pamba ya India ikaziba pengo.

Merikani ilikuwa nyeupe na kaniki ilikuwa nyeusi. Baadaye khanga ya kisutu ikaziweka nyeupe, nyeusi na nyekundu katika nguo moja, na mpaka leo bi harusi wengi wa pwani hufungiwa kisutu. Sisemi kwamba kisutu kilitokana na unyago wa Uzigua. Hizo ni rangi ambazo wanadamu wengi duniani wamezipenda. Lakini mwali wetu aliposhuka Korogwe na kisutu chake, rangi alizovaa hazikuwa ngeni kwa wenyeji.

Na merikani ina jambo jingine la kumhusu mchoraji. Kanvasi ya pamba anayoinunua leo ni ndugu yake: pamba ghafi, imefumwa kwa uzi mzito zaidi.

Brashi iliyoota shambani

Ukipita Korogwe utaona mkonge, mistari kwa mistari. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana nayo mashamba yakaenea mkoa mzima. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge ukapata njia ya bandarini. Kazi ilikuwa ngumu, na wanaume wa mbali waliletwa kwa mkataba, wakaitwa manamba.

Sote tunazijua katani kwa kamba na magunia, lakini nyuzi zake hutengeneza pia brashi ya chokaa, ile pana ya kupakia ukuta kabla ya Idi. Ni brashi nzuri kwa mchoraji anayetaka mistari mikwaruzo na kingo zisizonyooka. Mwali wetu alinunua moja sokoni Korogwe, na sasa huitumia kuliko zile za duka la vifaa vya sanaa.

Mashamba hayo ya Tanga yalimpitisha pia kijana kutoka Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, aliyefanya kazi ya mkonge kabla ya kwenda Dar es Salaam. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Alichukua gundi iliyokusudiwa kuzuia kutu, akaifanya sanaa. Alifariki mwaka 1972, na jina lake likabaki kuwa jina la mtindo mzima.

Gundi mpya

Akriliki imeanzia maabara. Mkemia Mjerumani Otto Röhm aliandika tasnifu yake juu ya kemia ya akriliki mwaka 1901. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Henry Levison, Marekani, ilitoa Liquitex, rangi ya akriliki inayochanganywa na maji. Gundi yake ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea majini. Maji yakikauka, chembe zinasogeleana, zinaungana, zinakuwa utando mmoja. Ikiwa mbichi utaiosha kwa maji ya bomba. Ikikauka, maji hayaiingii tena.

Dada zangu, sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyo muhimu.

Mwanamke mmoja alitufundisha kwamba rangi inaweza kufanya kinyume cha kufunika. Helen Frankenthaler wa New York, mwaka 1952, akiwa na miaka 23, alitandika kanvasi ghafi sakafuni, akazimua rangi ya mafuta kwa tapentaini mpaka ikawa kama maji, akaimimina. Rangi haikukaa juu ya nguo, iliingia ndani yake. Lakini mafuta hudhoofisha pamba ghafi kadiri miaka inavyopita, na katika miaka ya 1960 akahamia akriliki iliyozimuliwa.

Na msanii aliyezaliwa kwetu, Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, amefanya kazi kubwa kwa akriliki, na mitindo ya khanga imo ndani ya michoro yake. Mwaka 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner. Basi chupa ile si ya wageni tena. Ni yetu pia.

Inayoingia na inayofunika

Sasa turudi kwenye mikono ya bi harusi. Hina haina gundi. Jani la mhina lina kitu kinachoshikana na ngozi yenyewe. Ukishabandua tope lake, hakuna tabaka linalobaki juu. Maji ya udhu yanafika. Akriliki ni utando. Wanazuoni wetu hufundisha kwamba chochote kinachozuia maji kufika kwenye kiungo cha udhu lazima kiondolewe kwanza, ndiyo maana tunatoa rangi ya kucha. Bi harusi aliyejichora akriliki angelazimika kuibandua kabla ya sala, au aache sala usiku wa furaha yake. Isitoshe, rangi ya kuchorea haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi, na baadhi ya unga wake, kama ule wa kadimiamu, una sumu.

Na tusiseme basi tutumie piko kwa kuwa ni nyeusi na inaingia. Piko nyingi ni dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Inaweza kuchoma ngozi, kutoa malengelenge na kuacha kovu la ua lile lile ulilolipenda. Aliyewahi kudhurika nayo anaweza kudhurika zaidi mara ya pili. Na ikimezwa huua. Iwekeni mbali na watoto.

Kwa hiyo jibu la bibi ni hili: inashikwa na plastiki, bibi. Itafaa ukutani, kwenye kanvasi, kwenye chungu cha maua, kwenye sanduku la mahari. Mwilini tuweke ile inayoingia.

Mwali wetu alielewa bila kugombezwa. Alipakwa hina usiku ule, mistari na nukta alizozichora mwenyewe kwanza kwenye karatasi. Zile chupa zilifunguliwa wiki ya pili, nyumbani kwake, juu ya kipande cha pamba ghafi. Alianza na rangi tatu tu, nyeupe, nyekundu na nyeusi, na brashi ya katani. Picha ile ipo kwa bibi, Handeni.

Nawe kama unaanza, huhitaji chupa sita. Nunua hizo tatu, brashi moja pana na moja ya ncha, kitambaa cha kufutia, na kopo la maji. Osha brashi kabla haijakauka, maana gundi hii haina msamaha.

Allah azitie baraka ndoa zenu na kazi za mikono yenu. Amin.