Risasi Inayobaki Ndani ya Mtutu: Vipimo vya Bastola na Historia Yetu

Leo tunaweka programu kando kidogo tuzungumze chuma. Msiwe na wasiwasi, hatuendi mbali sana na kompyuta. Kila anayetengeneza kitu hukutana na swali hili: kifaa kikitoka kwenye boksi kwa mara ya kwanza, kinafanya kazi kama ulivyoahidiwa? Watengenezaji wa bastola wamelijibu swali hilo, wakati mwingine vizuri na wakati mwingine vibaya, tangu Samuel Colt apate hataza yake Marekani mwaka 1836. Majibu yao yalifika hadi hapa Nairobi, na kuna watu waliolipa kwa maisha yao.

Nitaanza na ufundi kisha nije kwenye historia, maana bila ufundi historia hii haieleweki vizuri.

NENO MOJA, VITU VIWILI

Kiswahili kina jambo la kufurahisha hapa. Risasi ni ile metali nzito, laini, ya kijivu, ambayo fundi wa betri za gari anaijua na mvuvi anaifunga kwenye wavu ili uzame. Risasi pia ni kile kinachoruka kutoka kwenye bunduki. Neno lenyewe tumelitoa kwa Kiarabu, na huko ni jina la metali. Maana ya pili ilikuja kwa sababu kwa karne nyingi bunduki haikurusha kitu kingine ila metali hiyo.

Kwa hiyo ninaweza kuandika "risasi huacha risasi" na sentensi ikawa sahihi kabisa: kitu kinachopigwa huacha metali yake ndani ya mtutu. Mabaki hayo yakirundikana, shabaha inaharibika, na kuyatoa ni kazi ya brashi, mafuta na jasho. Wenye bastola za silinda za mtindo wa zamani ndio hulalamika zaidi.

Mtindo wa zamani ni upi? Ni ile bastola ya filamu za kauboi, kama Colt ya mwaka 1873. Kabla ya kila mlio lazima uvute nyundo nyuma kwa kidole gumba. Ukiivuta, silinda inazunguka na kuleta risasi nyingine mbele ya nyundo. Triga ina kazi moja tu, kuiachilia nyundo. Bastola zilizokuja baadaye ziliipa triga kazi zote mbili: kuivuta nyundo na kuiachilia.

TATIZO LIKO KWENYE MAUNGIO

Fuatana nami ndani ya silinda. Kwa kawaida ina vyumba sita, na kila chumba kina koo lake upande wa mbele. Risasi inatoka chumbani, inapita kooni, inaruka ufa mdogo, kisha inaingia mtutuni. Ndani ya mtutu kuna mikato inayozunguka kama uzi wa skrubu. Mikato hiyo huishika risasi na kuizungusha ili iende moja kwa moja.

Sasa fikiria koo la silinda ni jembamba kidogo kuliko mtutu. Risasi ni laini, kwa hiyo inabanwa na kupungua unene. Ikifika mtutuni haijazi nafasi. Gesi ya moto inapenya pembeni yake kwa nguvu, inaitafuna metali laini na kuipaka kwenye kuta za mtutu. Ukipiga mara 50 unakuta mtutu umepigwa plasta.

Kuna njia nyingine za kufikia uharibifu huo huo. Chumba kimoja kati ya sita kikiwa hakijalingana vizuri na mtutu, risasi hukwanguliwa upande mmoja inapoingia. Mtutu ukikazwa kupita kiasi kwenye fremu, unabanwa pale kwenye uzi wake. Na ukwaruzo ulioachwa na mashine ya kiwandani hufanya kazi ya tupa.

Wenzangu wa programu mtakuwa mmeshaona ninakoelekea. Silinda ni moduli moja na mtutu ni moduli nyingine. Kila moja imepita mtihani wake peke yake, na hitilafu inatokea pale zinapokutana. Mfano mzuri ni Colt yenyewe. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mitutu yake ya .45 ilipimwa karibu inchi .454. Baada ya vita kipimo kikawa .451. Jina la risasi likabaki lile lile. Tofauti ni inchi 0.003, kama unene wa unywele mmoja, lakini inatosha kuharibu kazi.

Dawa ambayo wengi hukimbilia ni kuifanya risasi iwe ngumu zaidi kwa kuchanganya bati au antimoni. Husaidia mara nyingine. Lakini risasi ngumu iliyo nyembamba kuliko mtutu haitanuki kuziba ufa, na gesi inapita kama kawaida. Kulingana kwa vipimo ndiko kunakotangulia. Ugumu unafuata.

KARATASI HUKO TANGA

Wahandisi wa karne ya 19 walijua haya yote. Bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka 1871 ilipiga risasi ya metali laini ya milimita 11, na kila moja ilivikwa karatasi nyembamba ili metali isiguse mtutu moja kwa moja. Ni ufumbuzi rahisi na mzuri.

Bunduki hizo zilikuja pwani yetu. Mwezi Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga na wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, askari wengi wa Kiafrika waliowangojea upande wa Wajerumani, jumla yao karibu 1,000, bado walikuwa na Mauser za 1871. Baruti yake ilikuwa ile nyeusi ya kizamani, inayotoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali ulipo. Hata hivyo Tanga ilibaki mikononi mwao, na Waingereza walipoondoka waliacha mamia ya bunduki za kisasa. Teknolojia ya zamani ambayo sehemu zake zinapatana, mikononi mwa watu wanaoijua, si ya kudharauliwa.

KOTI LA METALI

Baada ya vita hivyo jeshi la Uingereza lilichagua bastola ndogo ya silinda ya .38. Risasi yake ya kwanza ilikuwa ya metali tupu, nzito, gramu 13 hivi, na ilikwenda polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1930 iliondolewa, ikaja nyingine nyepesi kidogo iliyovikwa koti la metali ngumu.

Koti hilo linazuia mabaki mtutuni, lakini sababu iliyosukuma mabadiliko ilikuwa ya kisheria. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi zinazotanuka au kubapa kwa urahisi ndani ya mwili wa binadamu. Metali laini iliyo uchi ilizua hofu kwamba askari aliyetekwa nayo angeshtakiwa kuvunja sheria za vita. Kwa hiyo muundo wa kifaa ulibadilishwa na wanasheria, jambo ambalo sisi wa programu tunalifahamu vizuri sana.

Mojawapo ya bastola zilizotumia risasi hizo ni Webley, kazi ya kampuni ya Webley & Scott ya Birmingham. Mji huo una Nyumba ya Majaribio tangu mwaka 1813. Mtutu hupigwa kwanza kwa baruti iliyozidishwa makusudi. Ukistahimili, unagongwa muhuri. Ukipasuka, unapasuka hapo hapo na hakuna mnunuzi anayepoteza vidole.

BUNDUKI ZISIZO NA BOKSI

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Walowezi walitembea na bastola viunoni, wengine wakiziweka mezani wakati wa chakula. Zilikuwa silaha zilizotoka kwenye boksi zikiwa zimepimwa na kugongwa muhuri.

Upande wa pili, Jeshi la Ardhi na Uhuru, ambalo serikali iliwaita Mau Mau, lilikuwa na silaha chache za kiwandani. Baadhi ziliibwa, nyingine zilitekwa. Tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawafungua mahabusu zaidi ya 170 na kuondoka na bunduki na risasi. Lakini hazikutosha hata kidogo, na mafundi wakaanza kutengeneza zao.

Walitumia vitu vya kawaida vya duka la vifaa: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa kipigo, na ukanda wa mpira wa tyubu ukashika nafasi ya springi. Mpiganaji alivuta komeo nyuma kwa mkono kabla ya kila mlio. Ukiangalia kwa jicho la fundi, huo ni ule ule mtindo wa zamani wa kuvuta kwanza na kuachilia baadaye. Hawakuwa watu wasiojua bunduki. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa amepigana Burma na jeshi la Mfalme katika Vita vya Pili. Alijua bunduki nzuri inavyokuwa, na alijua pia kwamba hizi hazikuwa hivyo.

Angalia hesabu. Risasi iliyopatikana zaidi ilikuwa .303, ya jeshi na polisi. Ikilipuka, shinikizo ndani ya mtutu linapita mara 3,000 ya lile la hewa inayotuzunguka. Bomba la maji la mjini limetengenezwa kuhimili mara chache tu. Nyingine zilipasuka mikononi. Hapakuwa na Nyumba ya Majaribio msituni. Jaribio la kwanza lilifanywa na mtumiaji, adui akiwa mbele yake.

Na hapa kuna kinaya. Ndani ya bomba lile hapakuwa na mikato, na risasi ya .303 ilikuwa na koti gumu. Baada ya kupiga, mtutu ulibaki bila chembe ya metali ile laini. Ulikuwa safi kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeshikana na kitu. Anayepima ubora kwa kuangalia usafi wa mtutu peke yake angempa alama nzuri fundi wa komeo la mlango. Ni kama programu isiyotoa ujumbe wowote wa hitilafu kwa sababu haikagui chochote.

BARABARA MBILI ZA NAIROBI

Chini ya sheria za Hali ya Hatari, kupatikana na bunduki, au hata na risasi, lilikuwa kosa la kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa miaka ile, na wengi wao hawakuwa wameshtakiwa kwa mauaji. Kati ya mawakili waliosimama mahakamani kuwatetea washukiwa wa Mau Mau alikuwa Chiedo Argwings-Kodhek. Alifariki katika ajali ya gari mwezi Januari 1969, na leo jina lake linabebwa na barabara inayopita Kilimani. Wengi wetu tunaitaja kila siku tukielekeza teksi.

Barabara ya pili iko katikati ya jiji. Tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa kando ya msitu wa Nyandarua, upande wa Nyeri. Kiongozi huyu aliyetafutwa kwa miaka minne hakushtakiwa kwa vita wala kwa mauaji. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola ya Webley & Scott ya .38, pamoja na risasi sita. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor alimhukumu kifo mwezi Novemba, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti.

Fikiria safari ya kifaa hicho. Bastola za aina ile zilipimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Risasi zake zilipewa koti ili zisivunje sheria ya vita. Kisha moja ikafika kiunoni mwa mtu ambaye serikali ilikataa kumtambua kama mwanajeshi. Sheria ya The Hague ilibadilisha kilichokuwa ndani ya silinda, lakini haikumfikia aliyeibeba. Mahakama ya Nyeri haikuhitaji kuamua kama vita vyake vilikuwa halali. Ilihitaji kitu kimoja tu, chenye vyumba sita.

Sanamu yake katika Mtaa wa Kimathi ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Mkononi ana bunduki ndefu. Bastola iliyomnyonga haipo.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwa upande wa ufundi, nina mambo mawili. Kwanza, ubora wa kutoka kwenye boksi hautokani na uzuri wa sehemu moja moja, bali na kupatana kwake. Ukiona mabaki mtutuni, pima koo na mtutu kabla ya kubadilisha metali. Pili, kila kifaa hufanyiwa majaribio mahali fulani. Asipojaribu mtengenezaji, atajaribu mtumiaji.

Kwa upande wa historia, ninyi mtaamua. Mimi nawakumbuka wale mafundi wa bomba na komeo. Walijua kazi yao haikufikia kipimo, wakaikabidhi hivyo hivyo, na kuna aliyenyosha mkono akaipokea.

Tukutane makala ijayo, tutarudi kwenye programu.