Wapenzi wa Reli Katika Mji Usio na Reli: Hoja Kutoka Rubavu

Chama cha wapenzi wa reli ni umoja wa watu wanaojitolea kutunza vichwa vya treni vya mvuke, mabehewa, stesheni na ujuzi wa waliovihudumia. Cha kwanza kupata sifa kilianzishwa mwaka 1950, pale mwandishi L.T.C. Rolt na wenzake walipoungana kuinusuru reli nyembamba ya Talyllyn huko Wales. Mwaka uliofuata treni zake ziliendeshwa na watu wa kujitolea. Tangu hapo imezoeleka kudhani kwamba pasipo reli chama hakina kazi. Rubavu, wilaya ya magharibi mwa Rwanda yenye mji wa Gisenyi, inatoa sababu nzuri ya kuikataa dhana hiyo.

Gisenyi haijawahi kuwa na stesheni, lakini mara mbili reli ilianza kujengwa kuelekea upande wake. Mwaka 1914 Wajerumani walianza kujenga njia kutoka Tabora kuelekea mto Kagera, wakiitazamia Rwanda. Vita Kuu ya Kwanza ikaikatiza mwaka huohuo. Baadaye Wabelgiji walitandika reli kutoka Uvira kuelekea Ziwa Kivu. Iliishia Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikafungwa.

Treni hazikufika kwenye milima ya Virunga, lakini majina ya milima hiyo yalifika relini. Vichwa 34 vya mvuke vya aina ya Garratt, daraja la 59, vilivyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki miaka ya 1955 na 1956, vilipewa majina ya milima. Kimoja kikaitwa Mount Muhavura, kingine Mount Mgahinga. Vilivuta mizigo mizito kutoka Mombasa, bandari ambayo hadi leo ni mlango mmojawapo wa bidhaa za Rwanda. Ndugu yao Mount Gelai amehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mtoto wa Rubavu anayesimama mbele yake anakutana na historia inayomhusu.

Wapo wanaosema kwamba mapenzi haya ni kuutamani ukoloni. Hoja hiyo ina uzito iwapo chama kinasifia chuma na kuwasahau watu. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Chama kinachoandika habari zao kinafanya kazi ambayo wenye reli hawakuifanya.

Ndiyo maana msaada kwa chama cha namna hii uanze na kumbukumbu, mashine zifuate. Kichwa cha treni kikiwekwa chini ya paa kinaweza kungoja miaka. Mchochea moto mzee aliyetambua hitilafu ya boila kwa kusikiliza tu hangoji. Rubavu imekaa pazuri kwa kazi hiyo. Kiswahili, lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, ndicho kinachotumika mpakani na Goma, na ndicho pia cha wazee wa reli wa Kalemie, Kindu na Kigoma. Kinachohitajika si kikubwa: usajili, vinasa sauti, ruhusa ya kunakili ramani za zamani, na walimu wa historia watakaowatuma wanafunzi kuwahoji wasafiri na wapagazi wa zamani.

Mwaka 2018 Rwanda na Tanzania zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali. Chama kikiundwa sasa, kitakuwepo kuandika habari zake tangu mataruma ya kwanza yatakapolazwa, huku waliouza mashamba yao na waliobeba kokoto wangali hai kujieleza wenyewe.