Mistari ya Kioo cha Nyuma

Njombe niliyojifunzia ufundi umeme ilikuwa ya Land Rover na Bedford. Gari hizo hazikuwa na mistari kwenye kioo cha nyuma, na Land Rover nyingine hata hicho kioo hazikuwa nacho, nyuma ni turubai tu. Asubuhi ya Julai dereva alifuta ukungu kwa kiganja, akaondoka. Ile mistari ya kahawia iliyolala kwa upana wa kioo tuliletewa na gari za Kijapani, na ilikuja bila mtu wa kutueleza ni ya nini.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi. Mwaka uliofuata akaingia madarakani Mzee Mwinyi, ruksa zikazidi, na bandari ya Dar ikaanza kuzoea kushusha gari zilizotumika. Japani wanaendesha kushoto kama sisi. Kwao gari mpya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi ule una gharama hasa, kwa hiyo wengi huona heri kuuza gari ambayo huku tungeiita mpya. Nyingine zilitoka Hokkaido, kaskazini kwenye theluji, zimeundwa kwa ajili ya baridi: betri kubwa, na pengine hita hadi kwenye vioo vya pembeni.

Mistari yenyewe, ambayo ni hita ya kufuta ukungu, si waya, ingawa sote tunaiita waya. Zamani kuna watengenezaji walioficha nyaya halisi katikati ya matabaka mawili ya kioo. Baadaye ikashika njia rahisi zaidi: uji wenye madini ya fedha unachapwa juu ya kioo, kisha unachomwa kwenye tanuri lile lile linalokikaza, joto linalopita nyuzi 600. Hapo mstari na kioo vimeshikana. Lakini unene wake ni mdogo mno, wembe ukipita mara moja umeukata.

Na wembe ulipita. Dar nani angewasha hita? Watu walidhani ni antena ya redio, na hawakukosea sana, maana kwenye gari nyingine antena kweli imechapwa kwenye kioo hicho hicho, juu ya mistari ya hita. Ikaja mitindo ya tinti. Tinti ikizeeka inatoa mapovu, fundi anaibandua kwa kukwangua, na mistari inaondoka nayo. Kisha gari inauzwa, inapanda mlima Kitonga, inafika huku Njombe ambako mwezi Juni sakitu inalala juu ya majani ya viazi. Mwenye gari anabonyeza swichi, taa ya swichi inawaka, kioo kinabaki na ukungu wake. "Fundi, kioo kimekufa, nitafutie kingine."

Neno hilo limewatajirisha wauza vioo. Mimi naanza kwenye fyuzi na rilei, halafu naangalia ncha mbili za pembeni ya kioo, upande wa moto na upande wa bodi. Moto ukiwa unafika, nashika mita. Ncha moja ya mita naiweka kwenye bodi. Nyingine naizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili isikwaruze, naitembeza taratibu juu ya mstari. Upande wa moto inasoma volti 12, katikati ya mstari mzima inasoma 6, ikielekea bodi inashuka hadi sifuri. Ikiwa imeng'ang'ania 12 halafu ghafla ikaanguka sifuri, mstari umekatika hapo hapo, hata kama jicho halioni kitu. Nabandika vipande viwili vya selotepu, kimoja juu ya mstari na kimoja chini, pengo la katikati nalipaka rangi ya fedha inayopitisha umeme. Ikikauka, kazi imekwisha.

Ncha ya kioo ikibanduka inachomelewa kwa risasi, kwa haraka, kabla joto halijapasua kioo. Nimepokea gari ambazo ncha imebandikwa kwa supagluu. Supagluu haipitishi umeme, na aliyeibandika alijua, maana pesa alichukua kabla ya kuwasha swichi.

Enzi za Corolla na Mark II zenye buti, wembe ndio ulikuwa ugonjwa mkubwa. Zilipojaa Noah, Probox na IST, ambazo kioo kimo kwenye mlango wa nyuma, ugonjwa ulihama. Nyaya sasa zinapita ndani ya mpira kwenye bawaba za mlango, na kila mzigo unaopakiwa ni mkunjo mmoja zaidi. Mlango wa Probox ya kubebea viazi unafunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Waya unakatikia ndani ya mpira, ganda lake likiwa zima, na kioo kinasingiziwa tena. Vuta mpira, utaukuta.

Kioo kikivunjika kweli tunanunua cha mtumba, maana hiki huvunjika chembechembe, hakiungwi. Vijana wangu wanakilaza juu ya gunia pale pale dukani, wanakiunga na betri, wanakipulizia pumzi. Mstari wenye umeme unafuta ukungu wake mapema. Kila mstari uliobaki na ukungu unashusha bei, na muuzaji akigoma tunakwenda duka la pili.